Siku Mwera Ulipoikuta Vipya

Sokoni Dzaleka, mwezi wa saba, bei ya usipa huamuliwa na upepo. Mama ninayenunua kwake, mzaliwa wa Uvira, hutandika gunia chini, akamwaga samaki wake wakavu, kisha akawagawa mafungu kwa kisahani cha bati. Asubuhi moja nilikuta mafungu yamepungua nusu na bei ni ileile. Nikamuuliza, "Mama, samaki wamekwenda wapi?" Akanijibu huku mikono yake ikiendelea kugawa: "Ni mwera, mwanangu. Watu wa Salima leo siku ya nne hawajaingia majini."

Kwao Uvira angesema kusi. Neno la wenyeji amelijua kwa sababu mtaji wake unalitegemea. Sisi wengine tunakula samaki wa ziwa hili mwaka hadi mwaka, na wengi wetu hatujawahi kuliona. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe, kwenye uwanda wa juu ambako enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa. Tangu 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi, na Kiswahili cha Kivu, cha Bujumbura na cha Kigoma kinasikika kila kichochoro. Ukitoka Lilongwe kwenda mashariki, barabara inateremka ukingo wa Bonde la Ufa, kutoka mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 hadi kwenye maji yaliyo mita 474 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo lilipo ziwa ambalo Wamalawi wanaliita Malawi na Watanzania wanaliita Nyasa.

Ziwa hili ni refu na jembamba. Urefu wake ni kama kilomita 580, upana wake hauzidi sana 75, na kina chake kinafika mita 700. Limelala kaskazini na kusini kati ya milima, mfano wa mfereji. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, pepo za kusini mashariki, zilezile zinazojaza matanga ya majahazi Lamu na Unguja, huingia kwenye mfereji huo kutoka upande wa chini na kupanda nao moja kwa moja. Huo ndio mwera. Wimbi linalozaliwa kusini lina mamia ya kilomita za maji mbele yake, na katika njia hiyo yote upepo unazidi kulikuza. Likifika kaskazini si wimbi la ziwa tena kama tulivyozoea kulifikiria. Ni mlima wa maji, tena mfupi na wenye mteremko mkali, unaofuatwa na mwenzake kabla chombo hakijapata nafasi ya kunyanyua omo.

Waswahili walikuwa wa mwanzo kati ya wageni waliojifunza kusafiri katika hali hiyo. Mnamo miaka ya 1840 mfanyabiashara kutoka pwani, Salim bin Abdallah, aliweka makao Nkhotakota, ufuko wa magharibi, akajulikana kwa cheo cha Jumbe ambacho wafuasi wake walikirithi. Majahazi ya akina Jumbe yalivuka kwenda Losewa, ng'ambo ya mashariki, yakiwa yamebeba pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo kupelekwa Kilwa. Ni lazima lisemwe waziwazi: vyombo vya kwanza vya tanga kubwa kwenye ziwa hili vilikuwa vyombo vya utumwa, na waliokuwa ngamani hawakuulizwa kama upepo ni mzuri au mbaya.

David Livingstone alipopita ufuko wa magharibi mwaka 1861, mashua yake ilipata msukosuko mkubwa hadi akaona ziwa hilo linastahili kuitwa la dhoruba. Siku hizi watalii huambiwa zaidi lile jina lake jingine, Ziwa la Nyota. Mabaharia wanalijua la kwanza.

Miaka 34 baadaye dhoruba ilimchukua mtu ambaye watu wa Masasi na Newala walimfahamu vizuri. Chauncy Maples alikuwa mmisionari wa UMCA, misheni iliyokuwa na kitovu chake Unguja. Alifanya kazi Masasi, akahamia Likoma, kisiwa kilicho ndani ya ziwa hili, na mwaka 1895 akapewa uaskofu huko Uingereza. Alirudi kwa haraka. Tarehe 2 Septemba 1895, akielekea Likoma kwa mashua ya tanga iliyoitwa Sheriff, alikutwa na upepo mkali usiku. Mashua ikajaa maji ikapinduka. Inasimuliwa kwamba kanzu yake nzito ilimvuta chini, na kwamba aliwaambia mabaharia Waafrika wajiokoe wenyewe. Kaburi lake liko Nkhotakota.

Misheni ikaamua kwamba mashua za tanga hazitoshi. Ikaagiza meli ya moshi kutoka Glasgow, ikaipa jina la askofu aliyezama. Meli hiyo, Chauncy Maples, ilisafirishwa ikiwa vipande 3,481. Boila yake ya tani 11 haikuweza kuvunjwavunjwa. Mamia ya wanaume, Wangoni wengi wao, waliifunga kamba wakaikokota nchi kavu kupita maporomoko ya mto Shire, maili 64, siku hadi siku. Mwaka 1901 meli ikaelea. Ilikuwa kanisa, shule na zahanati kwa wakati mmoja. Nikifikiria historia ya usalama wa wasafiri ziwani, huanza na wanaume wale wa kamba. Majina yao hayapo kwenye ubavu wa meli.

Twende sasa mwaka 1946, ambao ndio ulionifanya niandike.

Kaskazini ya Malawi, iliyoitwa Nyasaland wakati huo, haikuwa na barabara ya maana kando ya ziwa. Kati ya Nkhata Bay na Chilumba milima inaangukia majini. Vijiji kama Usisya na Ruarwe viko chini ya genge, na mpaka leo mtu wa huko akisema "nasafiri" mara nyingi anamaanisha chombo cha majini. Meli ndiyo ilikuwa basi, lori na posta. Baada ya Vita Kuu ya Pili ziwa likapata meli mpya ya injini, ikaitwa Vipya. Anayesoma Kiswahili atadhani ni neno letu, vitu vipya. Asili yake ni milima ya Viphya iliyo juu ya ufuko huo wa kaskazini.

Tarehe 30 Julai 1946, katikati ya msimu wa mwera, Vipya ilipinduka na kuzama karibu na Florence Bay, sehemu ya Chitimba, chini ya miteremko inayopanda kwenda Livingstonia. Walikufa watu 145. Hakuna ajali iliyowahi kuua wengi kiasi hicho kwenye ziwa hili. Meli ilikuwa haijamaliza hata mwaka mmoja wa kazi.

Watu husikia habari kama hiyo wakasema: upepo uliizamisha. Usemi huo unaeleweka, lakini unaficha zaidi ya unavyoeleza. Ili kujua mwera hufanya nini kwa meli, njoo tena Dzaleka, kwenye kisima cha pampu, asubuhi kabla foleni haijawa ndefu.

Tazama wasichana wanaotwika. Aliyejaza dumu hadi shingoni akalifunga kwa kifuniko anatembea amenyooka, anapiga hata soga. Aliyebeba karai wazi lenye maji nusu hana raha. Akiinama kidogo kushoto, maji yote yanakimbilia kushoto, na uzito wao unamvuta aegemee zaidi. Akijirekebisha kulia, yanamvamia kulia. Ndiyo maana mama zetu huweka tawi la majani juu ya maji, yasipate uwanja wa kukimbia. Hicho kitawi kina elimu ndani yake ambayo mainjinia wa meli huisomea kwa miaka.

Meli inasimama wima kwa sababu ya mvutano wa nguvu mbili. Uzito wote wa chuma, shehena na watu unaivuta chini. Maji yanaisukuma juu. Upepo ukiipiga ubavuni ikalala, sehemu kubwa zaidi ya ubavu wa upande ulioinama huzama, na maji yanausukuma ubavu huo juu kwa nguvu zaidi, meli ikarudi wima. Inarudi maadamu uzito wake uko chini. Manahodha wa majahazi walilijua hilo kabla ya vitabu: chombo kisicho na shehena hupakiwa farumi, mawe au mchanga chini kabisa ngamani, ili kiwe na mzizi. Ukiondoa farumi ukaweka magunia na abiria juu ya sitaha, umehamisha mzizi ukaupeleka matawini. Kwenye maji matulivu hutajua. Meli itatoka bandarini inapendeza, na watu watapunga mikono.

Kisha maji yaingie. Mlango wa ngama uliofunguliwa kupakia nazi au mahindi ukabaki bila kufungwa barabara, au wimbi la nyuma likapanda tezini likatafuta pa kupita. Meli inayokwenda kaskazini wakati wa mwera hupigwa kwa nyuma, mahali ambapo macho ya wengi hayaelekei, na wimbi linalokwenda karibu sawa na mwendo wa meli huweza kuikalisha juu ya mgongo wake kwa muda mrefu hadi usukani unakosa maji ya kushika. Ikigeuka hapo ikaonyesha ubavu, na ngamani mna maji nusu, basi ni lile karai. Kila mlalo unaalika mlalo mkubwa zaidi. Abiria nao ni shehena yenye miguu: wakiogopa, wote hukimbilia upande mmoja, na mara nyingi ni ule unaoinama.

Mwera haukuzaliwa 30 Julai. Ulivuma mwezi uleule mwaka uliotangulia na mwaka uliofuata, na wavuvi wa mitumbwi wa kaskazini waliujua kama wanavyojua njia ya shambani. Kinachoamua kama chombo kitarudi ni mambo yanayofanyika kabla mawimbi hayajaonekana: nani alichora meli na kwa maji gani, kilichopakiwa kimewekwa wapi, vifuniko vimefungwa au la, na nani ana mamlaka ya kusema leo hatutoki. Hili ndilo ninaloliamini baada ya kusoma ajali nyingi za maji, na nitalirudia kwa yeyote atakayenisikiliza.

Baada ya Vipya, watu wa kaskazini walibaki na hofu na uhitaji kwa pamoja, maana barabara ilikuwa bado haipo. Meli iliyokuja ni Ilala, iliyojengwa na kampuni ya Yarrow huko Glasgow, ikaletwa vipandevipande kama Chauncy Maples, ikaungwa upya na kuanza kazi mwaka 1951. Jina lake ni la eneo ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Ina uwezo wa abiria 365 na tani 100 za mizigo. Kwa zaidi ya nusu karne Ilala imepanda kutoka Monkey Bay hadi Chilumba na kushuka tena, ikipita Likoma na Nkhata Bay. Mara nyingi imechelewa saa nyingi au siku nzima, na abiria wamelalamika. Mimi naona heshima katika baadhi ya ucheleweshaji huo. Meli inayosubiri upepo upungue imefanya kazi yake.

Upepo uleule tunaouita mwera hapa unaitwa kusi pwani, na pwani nako umechukua watu mwezi uleule. Tarehe 18 Julai 2012 boti ya Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja kusi likiwa kali. Ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, wakafa zaidi ya watu 100. Skagit ilikuwa imejengwa Marekani, kwa ajili ya kuvusha watu kwenye ghuba iliyokingwa na nchi kavu katika jimbo la Washington. Huko ilifanya kazi kwa salama miaka mingi. Mkondo wa Zanzibar mwezi wa saba si ghuba iliyokingwa. Boti ileile, maji mengine.

Wala si lazima pawe na tufani. MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, na mamia kwa mamia wakafa. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 mita chache tu kutoka gati la Ukara, wakafa watu 228. Chombo ambacho uzito wake umekaa vibaya kinaweza kuangushwa na watu wanaoinuka kuchukua mizigo yao.

Duniani kuna kanuni ya jambo hili, na ningependa kila Mswahili anayepanda meli aijue. Shirika la Kimataifa la Bahari limeweka kipimo cha upepo kwa meli zinazovuka bahari. Mchoraji lazima aonyeshe kwa hesabu kwamba meli yake ikiwa imelalishwa na upepo mkali wa ubavuni, kisha wimbi likaitupa kuelekea joshini, upande upepo unakotoka, na papo hapo nguvu ya upepo ikaongezeka ghafla ikawa mara moja na nusu, bado itasimama. Meli zile kubwa za starehe, zenye ghorofa 15 na zaidi, zinazotazamwa kama majengo yatakayopeperushwa, hupita kipimo hicho kwa sababu injini, matangi ya mafuta na vyuma vizito vyote vimewekwa chini kabisa. Ghorofa za juu mara nyingi hujengwa kwa vifaa vyepesi zaidi.

Hata hivyo kipimo hakimalizi kazi ya binadamu. Tarehe 23 Machi 2019, Viking Sky, meli ya watalii yenye watu 1,373, iliingia kwenye dhoruba pwani ya Norwei. Ilikuwa imara. Lakini mafuta ya kulainisha injini yalikuwa chini ya kiasi kinachofaa, meli ilipoyumba vitambuzi vikahesabu kwamba hayapo, injini zikazimika. Meli isiyo na injini haiwezi kuelekeza omo kwenye upepo, inageuzwa ubavu na kusukumwa kwenye miamba. Watu 479 walinyanyuliwa kwa helikopta mmoja mmoja kabla meli haijafika bandarini. Hakuna aliyekufa. Kasoro ilikuwa ya kiwango cha mafuta tangini, jambo ambalo mtu mmoja mwenye kijiti cha kupimia angeligundua gatini.

Nikirudi Dzaleka na habari hizi, hakuna anayezisikiliza kama hadithi za mbali. Jirani zangu wengi wamefika hapa kupitia maji. Mei 2015, maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, ufuko mwembamba uliobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, wakivushwa hadi Kigoma na Liemba, meli ya Wajerumani ya mwaka 1913 iliyowahi kuzamishwa vitani na kuinuliwa tena. Ilichukua mamia kwa safari. Waliobaki walisubiri ufukoni, na kipindupindu kikaingia kati yao. Wengine, kutoka Kalemie, Baraka na Uvira, walivuka kwa maboti ya mbao ambayo hayakuhesabiwa na mtu. Kwenye ziwa hilohilo, Desemba 2014, boti ya Mutambala ilizama upande wa Kalemie kwenye upepo mkali ikiwa imejazwa kupita kiasi, wakafa zaidi ya watu 100.

Mzee mmoja mtaani kwetu alivuka Tanganyika usiku na watoto wawili. Aliniambia hakumbuki mawimbi. Anachokumbuka ni mikono ya mtu aliyekaa mbele yake, akichota maji kwa kopo la mafuta ya kupikia na kuyamwaga nje, usiku kucha, bila kusema neno. Mtu yule, pasipo kusoma kitabu chochote, alikuwa anazuia lile karai lisijae nusu. Walifika alfajiri, na mzee hakupata hata kumuuliza jina.

Nimeanza kuandika kumbukumbu hizi kwenye daftari. Vipya ilizama miaka mingi iliyopita, na waliokuwa watoto Chitimba siku ile sasa ni wazee sana. Ya Tanganyika na Kivu bado yana mashahidi, na wengi wao wako hapa kati yetu, mpaka siku jina litakapotoka kwenye orodha na wao wapelekwe Kanada au Australia. Kama uliwahi kuvuka, au baba yako, au dada yako, nakuomba uandike usiku huu, hata ukurasa mmoja: jina la boti kama lilikuwa nalo, bandari mliyotoka, mwezi gani, mlikuwa wangapi, mizigo iliwekwa wapi, nani alisema mtoke. Na majina ya ambao hawakufika.